Mwaka Tata Aliponyamaza

Mchungaji alisoma wasifu wa tata yangu Tabitha mbele ya kaburi lililo wazi, pale Kalimoni, na alipofika katikati akasema hivi: "Marehemu alipoa kiroho kwa muda, lakini twamshukuru Bwana kwa sababu hakumwacha." Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele na leso mkononi, na kama si heshima ya jeneza ningemrushia kiatu. Alipoa! Mchungaji mwenyewe ni kijana. Mwaka ninaoukumbuka mimi, yeye labda alikuwa bado ananyonya. Alisoma alichoandikiwa na wazee wa ushirika, na wazee nao waliandika walichokiona kwa macho yao, kwa hivyo sina ugomvi nao sana. Ugomvi wangu ni na neno lenyewe. Tata alikuwa shangazi yangu, na sisi Wakikuyu tukisema tata tunamaanisha mtu wa kukufinya sikio na kukufichia nyama kwa wakati mmoja. Niliishi naye mwaka ule wote, nikalala chumba kimoja naye, nikamfunga bandeji. Najua hakupoa hata siku moja. Wanawake walipoanza kuimba chini ya hema, sikuimba nao. Akili yangu ilikuwa imesharudi katika jiko lake la mbao.

Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nashona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha Ruiru. Jioni nikirudi Kalimoni, nywele zimejaa nyuzi, Tata alinipokea kwa kikombe cha chai ya maziwa na kiazi kitamu kilichochemshwa na maganda yake. Sebule yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe ilivyostahili, kwa sababu aliijenga akiufikiria ushirika: mabenchi marefu pande zote, makochi mawili yenye vitambaa vya kufumwa, na kabati la vikombe ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua ila yeye. Jiko lilikuwa peke yake nyuma ya nyumba, la mabanzi, jeusi kwa masizi. Juu ya meko kulikuwa na itara, lile dari fupi la magogo ambalo juu yake kuni hupangwa zikaushwe na moshi. Marehemu mumewe aliijenga itara hiyo imara mno, hadi watu wakamtania kwamba anataka kukausha ng'ombe mzima.

Kila Jumapili alasiri ndugu wa uamsho walijaa sebuleni. Kama hukulelewa na watu hawa, nikueleze desturi yao, maana ndiyo iliyoleta yote. Kwao dhambi ni kitu cha gizani, ukiitoa nje inakufa. Basi mtu husimama, huinua mkono, husema Bwana Yesu asifiwe, kisha huweka jambo lake nuruni: hutaja kosa kwa jina lake na aliyemkosea kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Mzee Zakayo, kiongozi wao, alikuwa na pua ya kunusa jambo lililofunikwa. Niliwahi kumsikia mwanamume mwenye ndevu akilia kwa kuungama kwamba alitia maji kwenye maziwa. Mama mmoja alikiri kuyatamani mapazia ya jirani yake, na jirani alikuwa amekaa hapo hapo benchini, wakakumbatiana, tukaimba. Tata ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Siku moja alimwambia mgeni kwamba sukari imeisha. Mgeni alipofika langoni, Tata akamfuata mbio na kandambili, akamwambia, "Nimekudanganya. Sukari iko. Nilikuwa nakunyima." Akamrudisha ndani akanywa chai upya. Hadithi hiyo ilijulikana hadi Theta. Watoto waliokulia kwenye mabenchi yale walijua jua laweza kukosa kuchomoza, lakini Tabitha hawezi kusema uongo.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Karis, mwana wa Loise. Loise alikuwa rafiki wa moyoni wa Tata, mwanamke mnene wa kucheka na kulia kwa urahisi, asiyeweza kukaa na habari hata kwa muda wa kuchemsha maji. Mwaka ule Karis hakuwa mtoto tena. Alikuwa mkubwa wa vijana wa kiapo katika sehemu yetu. Kundi lao sitalitaja, waliokuwepo wanalijua. Walikuwa wakiwakamata vijana wa machimbo ya mawe na wa stendi, wanawapeleka mtoni, wanawalisha nyama mbichi na damu na kuwaapisha. Aliyekataa, au aliyekula kisha akatoka, tulimkuta kwenye kahawa. Nasema tulimkuta kwa sababu njia yangu ya kwenda kazini ilipita katikati ya mashamba ya kahawa, na mara kwa mara kulikuwa na gunia limefunika kitu na miguu imetokeza. Kondakta mmoja niliyemjua kwa utani wake alikutwa mtaroni, mwili huku, kichwa kule. Tulijifunza kupita bila kugeuza shingo. Kiwandani tulisimuliana kwa kunong'ona, cherehani zikilia, kisha tunakula chapati zetu. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba tulikula.

Kamande alikuwa mchonga mawe na alikuwa amekula kiapo. Ndiye aliyetumwa kwenye lango letu kuchukua kodi ambayo kundi lilitoza kila nyumba. Mara ya kwanza Tata alimwambia aingie kwanza ale. Alikula githeri, mahindi na maharagwe, kama mtu aliyetoka jela, huku panga liko chini ya benchi, na Tata akamwuliza mama yake ni nani na alimzika lini. Akawa anakuja hata siku isiyo ya kodi. Alikuwa mwembamba, mwenye haya, macho mekundu kwa vumbi la mawe. Halafu Jumapili moja, bila mtu kumwita, akaingia sebuleni, akasimama, akainua mkono. Aliweka yote nuruni. Alisema kile alichokula na kilichosemwa alipokula. Alisema yule kondakta alishikwa na nani na akakatwa na nani. Jina la kwanza alilolitaja lilikuwa Karis. Mama yake Karis alikuwa ameketi benchi la dirishani.

Kama tungekuwa watu wenye akili ya dunia, tungemziba mdomo. Lakini desturi ni desturi, anayeungama hakatizwi. Mzee Zakayo alifumba macho akiitika, "Ndiyo, ndugu, endelea." Loise alilia hadi kitambaa chake cha kichwa kikalegea, kisha akamkumbatia Kamande, tukaimba mpaka mabati yakatetemeka. Katikati ya juma alikuja kwetu mbio, uso unang'aa. "Tabitha, nimemwambia!" alisema. "Nimepiga magoti mbele ya Karis nikamwambia Kamande ameokoka, ametaja yote, hata wewe mwanangu unaweza. Na alinisikiliza! Tangu abalehe hajawahi kunisikiliza hivyo. Ameuliza hata Kamande siku hizi analala wapi." Tata alikuwa akikamua ng'ombe. Maziwa yaliacha kulia ndani ya ndoo. "Umefanya vizuri, Loise," alisema polepole. Loise alipoondoka, Tata alibaki pale amechuchumaa, paji la uso limegusa ubavu wa ng'ombe.

Walikuja Jumapili iliyofuata, jua la utosi, kabla ya watu wa ushirika kufika. Tulikuwa jikoni na sufuria kubwa ya githeri ilikuwa inatokota. Kamande aliingia akihema, kiatu kimoja, amepita katikati ya mahindi ya majirani. "Wako nyuma yangu," akasema. Tata hakuuliza swali. Alitazama juu ya meko. "Panda," akamwambia. Nilimwinamia akakanyaga mgongo wangu, akajilaza juu ya itara ukutani, nasi tukapanga kuni mbele yake. Moto uliwaka chini yake na hatukuweza kuuzima, kwa sababu jiko lenye githeri isiyoiva na moto uliomwagiwa maji ni jiko linaloongea. Nje mbwa wetu alibweka mara moja, kisha nikasikia panga, kisha sikumsikia tena. Kabati la vikombe likaanguka sebuleni. Wakati huo hata Tata alishtuka.

Karis aliingia na vijana wawili. Alivaa shati safi la kwenda kanisani. "Tata," alisema kwa adabu kabisa, kwa sababu tangu utoto alimwita hivyo kama sisi. "Hatutaki kukusumbua. Kamande ako wapi?"

"Karis, umekula?" Tata akamwuliza.

Akampiga rungu la mkono. Niliusikia mfupa. Nilipiga nduru, na kijana mmoja akanishika nywele akanibana ukutani, ubapa wa panga shingoni mwangu, nao ulikuwa na joto la jua la njiani. Kijana wa pili alichukua upawa, akachota githeri, akala akiwa amesimama pale pale chini ya itara, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Chembe ya masizi ilidondoka kutoka juu ikaingia kwenye upawa wake. Aliitazama. Akaipuliza, akaendelea kula. Niliomba wakati ule ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba, Mungu, asikohoe, Mungu, asikohoe.

"Nauliza mara ya mwisho," Karis alisema, akamkata Tata begani. Nguo ilifunguka, na nyama, na damu ikaja kwa kukawia kidogo, halafu ikaja yote. Tata alianguka kwa magoti. Alishika ukingo wa meko kwa mkono uliobaki mzima, akainua uso, akamtazama Karis moja kwa moja. "Hayupo," alisema. "Alikuwa hapa jana akaenda. Hayupo hapa, Karis."

"Huyu anatubeba ufala," yule wa githeri akasema. "Si tuchome hii jiko tu?"

Karis alipangusa panga lake kwenye gunia la makaa, upande mmoja na wa pili, taratibu. "Wacha," akasema. "Mimi nimelelewa na huyu mathee. Huyu hawezi kudanganya, hata ukimkata vipande vipande. Akisema hayuko, hayuko. Twendeni." Wakatoka. Wakipita nyumbani waliwasha godoro la Tata kwa kiberiti chetu wenyewe.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, nikiwa nashona, nikiwa naosha vyombo, nikiwa nanyonyesha. Mtu mwingine yeyote Kalimoni angesema hayupo, wangepekua hadi chini ya majivu. Uongo wa Tata ulisadikiwa kwa sababu ulikuwa wa kwanza ambao hakurudi kuukana. Kila sukari aliyoirudisha, kila aibu aliyoiweka nuruni, yote aliyatumia siku ile kwa neno moja. Mimi ningekuwa yeye ningeimba kwa furaha. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, damu inachuruzika hadi kwenye majivu, analia, na nilijua halii kwa ajili ya bega.

Ndugu walifika na Kamande bado yuko juu. Hatukuthubutu kumshusha, kwa sababu vijana wengine wawili walikuwa wameachwa langoni. Wanaume walizima godoro. Loise alikuja jikoni akipiga kelele kumwita Mungu, "Ngai! Ngai!", akapiga magoti, akampakata Tata kichwa, akavua kitambaa chake mwenyewe akamfunga bega kwa nguvu. Hakujua ni nani aliyeikata nyama ile, na Tata hakumwambia. Mzee Zakayo alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Dada, walitaka nini?"

"Kamande."

"Na yuko wapi?"

Tata alimtazama Loise aliyempakata, kisha akamtazama Mzee Zakayo, mtu aliyembatizia watoto. Magogo ya itara yalikuwa juu ya vichwa vyao wote watatu. "Hayupo," alisema.

"Bwana asifiwe," Loise alilia, "ameponyoka!" Na jioni ile, bila shaka, alikwenda akamsimulia mwanawe kwamba hata Tabitha hajui aliko.

Walipombeba Tata kwenda zahanati, na wale wa langoni wakachoka wakaondoka, nilimshusha Kamande. Alikuwa amejing'ata mkono ili asikohoe, na meno yalikuwa yamezama. Ilinibidi nimfungue taya kwa vidole. Hakuweza kusema. Alikuwa mweusi kwa masizi, ngozi ya tumbo imefanya malengelenge kwa joto la meko, na alinyonya maji moja kwa moja kutoka kwenye jerikani akilia. Nilikimbilia zahanati kumwuliza Tata la kufanya. Alinishika ukosi akaniinamisha. "Nenda kwa Wafula," alininong'oneza. Wafula alikuwa jirani yetu kutoka Magharibi, dereva wa lori la mawe, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, mtu wa bia zake kwenye baa za Kamakis kila mwisho wa mwezi. Ushirika ulikuwa umemwombea miaka mitatu bila mafanikio. "Kwa Wafula, Tata? Si kwa ndugu?" "Ndugu zetu," alisema, "wataliombea jambo hili kwa sauti." Asubuhi yake Wafula alimlaza Kamande chini ya turubai, mawe pande zote, akaondoka naye akipiga mluzi. Alimpeleka wapi, Tata alijua, lakini alikataa kunijulisha. "Usiwe na la kusema," aliniambia.

Basi likaja lile ambalo wazee waliliita kupoa. Bega lilianza kufunga, mkono ukawekwa plasta, ushirika ukarudi sebuleni kwenye mabenchi yaliyovunjwa siku ile na kuunganishwa kwa misumari. Zamu ya Tata ilipofika, kila mtu aligeuka kwa furaha kumsikia, mama aliyepigwa kwa ajili ya Kristo. Alisimama. Alifungua mdomo. Aliangalia benchi la dirishani, Loise akimtabasamia. "Niko," akasema. "Niombeeni." Akaketi. Jumapili iliyofuata vile vile, na nyingine, na nyingine. Elewa alivyobanwa. Alikuwa amewadanganya ndugu zake machoni na imani yake ilimwambia aliweke nuruni. Lakini akisema "nilidanganya," amesema Kamande alikuwepo, na Wafula ni jirani, na lori lina njia yake, na Loise atafika nyumbani na habari kabla ya giza. Na hata Loise mwenyewe, akijua kwamba furaha yake ndiyo iliyolileta panga jikoni mwetu, ataishi vipi? Kila Jumapili Tata alichagua. Kila Jumapili alikaa na dhambi yake mapajani, kwenye chumba alichokijenga kwa ajili ya kuitolea.

Mzee Zakayo alinusa. Alikuja na wazee wawili, wakanywa chai kwenye vikombe vya bati kwa sababu vya kabati vilivunjika. "Dada, kuna kitu," alisema kwa upole. "Tunaona ukuta." Tata alijibu, "Kipo. Siwezi kukisema." "Huwezi, au hutaki?" "Siwezi, ndugu." Walihuzunika kweli kweli, sikatai. Wakamwambia apumzike uongozi. Mwezi uliofuata ushirika ukahamishwa kwenye nyumba yenye ushuhuda ulio moto, nayo ilikuwa nyumba ya Loise. Nilibeba mabenchi yetu kwa mikono yangu kuwapelekea, moja baada ya jingine. Dada waliokuwa wakimkumbatia Tata sasa walimpa mkono. Nilisikia mmoja akisema kisimani kwamba panga lilimtoa Yesu moyoni mwa Tabitha. Tata naye alikuwa akichota maji upande wa pili, na alisikia.

Kisha Karis akaanza kunitafuta mimi. Nilikuwa natoka kazini, jua linaelekea kuzama, kwenye ile njia ya kahawa. Alitokeza na kijana wake wa githeri. "Sister, poa? Nyinyi ni watu wa nuru, si ndio? Basi niambie. Kamande ako wapi?" Nilisema sijui, na ilikuwa kweli tupu, na nikaelewa kwa nini Tata alininyima. Alinipiga ngumi ya mdomo. Nilianguka, akanikanyaga mbavu, akaniinua kwa nywele, akaniuliza tena, nikasema sijui, akanipiga tena. Ilikuwa hivyo mpaka yule mwingine akamwambia, "Huyu hajui, boss." Nilifika nyumbani na jino mkononi. Hili nililonalo mbele ni la bandia, waulize wajukuu wangu, wanapenda nikiling'oa.

Tata alinichemshia uji nikashindwa kunywa, nao ndio uliofungua mdomo wangu. Niliupiga teke ule ukuta wa mabanzi. "Huyu Mungu wako yuko wapi?" nilipiga kelele, damu inanitoka. "Umemwimbia maisha yako yote. Wamekukata, wamenivunja, ndugu zako wanakuona mtu wa kurudi nyuma, na muuaji anakula chakula cha mama yake huku wanaimba sebuleni! Yuko wapi?" Nilitaka anikemee. Alikaa kwenye kigoda, mkono wa plasta umelala mapajani. "Sijui," alisema. "Tangu siku ile simsikii. Nikiomba ni kama naongea na ukuta huu." Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na panga. "Basi mbona bado unaomba?" Aliinama akasukuma kijinga kimoja ndani ya meko. "Kwa sababu Kamande anapumua mahali," alisema. "Na sikumfanya mimi apumue. Mimi nilisema uongo tu. Kutokohoa kwa mtu mzima kwenye moshi ule, Nyokabi, hiyo haikuwa kazi yangu." Akanipa uji tena. Niliunywa upande mmoja wa mdomo.

Sitasema niliinuka pale nikiwa mtakatifu. Nilikuwa na hasira ya Mungu mwaka mzima, na bado nina kiasi fulani nimekiweka. Lakini niliamka kila alfajiri na kumkuta mwanamke yule amepiga magoti kwenye zulia, hawezi kuikunja mikono kwa ajili ya plasta, akiongea na ukuta wake. Hakuwa na ushirika wala wimbo wala hata hakika. Nimeona imani za watu wengi zikiwa zimevaa nguo nzuri. Ile niliiona uchi, na ndiyo ninayoishika.

Karis aliuawa na wenzake mwenyewe baadaye, kwa kutiliwa shaka, kwenye kahawa ile ile. Loise alimlilia hadi sauti ikamwishia, na aliyempikia na kumwogesha majuma yale alikuwa Tata. Nilidhani sasa atasema. Hakusema. Alirudi kwenye ushirika, akaimba, akapika, watu wakafurahi kwamba Bwana amemrudisha, lakini hakuinua mkono tena maishani. Loise alilala katika Bwana mwaka juzi, mzee, akiwa na amani. Mwaka jana Tata alilazwa Thika, na jioni moja aliniomba nifunge pazia la kitanda. "Wawili wakikusanyika ni ushirika," alisema. Akainua mkono ule uliopinda. "Bwana Yesu asifiwe. Nilidanganya. Nilisema kijana hayupo naye alikuwepo. Kwa Karis nilidanganya kwa hofu, lakini ndugu zangu niliwadanganya nikiwaangalia machoni." Nilisubiri amalize kwa kusema ametubu, ili niimbe kama desturi. Akatikisa kichwa. "Shida ni kwamba ningerudia. Kwa hivyo sijui kama ni toba." Nilicheka na kulia pamoja, nikaimba hata hivyo, vibaya, hadi muuguzi akaja kutunyamazisha.

Haya ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu mwezi uliopita, mchungaji akisema alipoa. Nyuma ya hema alisimama mwanamume mwenye mvi, na mke wake wa Kibukusu, na watoto wanne warefu. Nilikuwa nimemtafuta kupitia jamaa za Wafula na kumpigia simu, na walisafiri kutoka upande wa Kitale. Alipomaliza mchungaji, mtu yule aliinua mkono juu, kimya, kama wafanyavyo watu wa uamsho. Mwenye kuongoza programu akasema kwenye kipaza sauti, "Samahani mzee wetu, muda umeyoyoma, tuko na wageni wengi." Sikumrushia kiatu. Niliinuka tu, mimi bibi wa watu, nikamnyang'anya kipaza sauti kile na kukipitisha kati ya viti hadi nyuma. Nilipita mbele ya Mzee Zakayo, ambaye sasa husukumwa kwenye kiti cha magurudumu na husikia kwa shida. "Ni nini?" alimwuliza mjukuu wake. "Ni ushuhuda, Guka." "Wa nani?" Nilimjibu mimi, "Wa Tabitha."

Mtu yule alikunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Kovu lilikuwepo, duara la meno, jeupe. Alikishika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo, kama asiyezoea.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema. "Mimi ni Kamande. Mzee Zakayo, siku ile ulimwuliza Mama Tabitha niko wapi, akakwambia sipo." Mzee Zakayo alikuwa ameinua uso wote.

"Mzee, nilikuwepo. Nilikuwa naiona kofia yako."